Umeme Ndani ya Kiberiti

Tshibola alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa darasani Lubumbashi, ubao umejaa michoro yangu na wanafunzi wanainakili. Kwa kawaida sipokei simu nikifundisha. Lakini Tshibola ni mtu wa kuandika ujumbe, si wa kupiga, na nilipoona jina lake likiwaka nikajua kabla hajasema. "Ngalula," akasema, "Tata hakuamuka leo." Nyuma yangu nikasikia kalamu zikiendelea kukwaruza karatasi. Kesho yake nilikuwa ndani ya basi la Kolwezi, na jioni nilikuwa mtaani Kapata, nimeketi mkekani pamoja na wanawake wengine katika sebule ileile ya nyumba ya kampuni, ukuta wake bado una madoa ya vanishi ambayo hakuna rangi iliyowahi kuyafunika. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai. Mama mmoja nisiyemfahamu, aliyenisikia nikilia, aliniegemea akauliza, "Weye uko mutoto wake wa ngapi?" Sikuwa mtoto wa Tata Mulumba kama Tshibola. Niliishi nyumbani kwake mwaka mmoja tu, na tangu hapo sikuwahi kukaa naye zaidi ya siku mbili tatu. Lakini kama ningeambiwa nionyeshe mahali akili yangu ilipofunguka, ningegusa mkeka ule niliokalia, kwa sababu hapo hasa ndipo ilipokuwa meza yake ya kazi.

Habari za kwetu naziacha. Wengine wamepitia hayohayo na wameyasimulia vizuri kuliko mimi. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Lubudi na sanduku moja na diploma ya umeme, na kwa mwezi mzima nilizunguka kwenye mageti ya kampuni za migodi. Walinzi walikuwa wakiisoma ile diploma mpaka mwisho, wakimwita mwenzao naye asome, halafu wakiniambia kwa upole kwamba nafasi ya sekretari imekwisha kupata mtu. Mama Kabedi alinikuta kanisani, nimebaki kwenye benchi watu wote wametoka. Hakuniuliza mengi. Alisema kwake kuna chumba cha nyuma, binti yake Tshibola ameolewa na hakitumii, na bwana yake anafanya kazi ya umeme na macho yake yameanza kuchoka. Basi nikahamia Kapata, kwenye safu zile za nyumba za matofali zinazofanana kama mapacha, kila moja na ua wake na mbabula yake, jiko la makaa, na kila asubuhi vijana wachimbaji wakipita mbele ya mlango na magunia matupu mabegani, wengine wakizungumza lugha ambazo sikuwahi kuzisikia.

Tata Mulumba alikuwa na miaka kama sabini wakati huo. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo shingoni kwa kuinamia kazi, na mikono yake kuanzia viwikoni hadi vidoleni ilikuwa na rangi ya vanishi iliyoingia ndani ya ngozi. Kwa karibu miaka arobaini alikuwa ameisukia kampuni ya migodi koili za mota na transfoma. Kampuni ilipoanguka, alirudishwa nyumbani na barua, naye akarudi na vifaa vyake. Sebule akaigeuza karakana. Kulikuwa na meza moja ya mbao nzito, mashine ya kusukia ya kuzungusha kwa mkono, marobota ya waya wa shaba yaliyopangwa ukutani kutoka mnene kama penseli hadi mwembamba kama unywele, na katikati ya sakafu mizoga ya transfoma iliyoletwa na wachomeleaji na wenye vinu. Mtu alikuwa akiingia humo ananusa vanishi na pamba iliyoungua, na kutoka uani ananusa matamba ya Mama Kabedi, majani ya muhogo yakichemka. Majirani waliyaita sombe. Yeye aliendelea kuyaita matamba, kama mama yake alivyoyaita kule Kasai, na bukari yake, ugali wa huko, aliichanganya unga wa mahindi na wa muhogo, ikawa na rangi ya kijivu na uzito wa kumkalisha mtu hadi jioni.

Uzito ndio uliokuwa imani ya mzee yule. Akiletewa transfoma, kabla ya kuipima kwa mita aliinyanyua. Aliishika kifuani kama mtu anayebeba mtoto, akafumba macho, akasema itavumilia kiasi gani, na mita ilipokuja kupima haikumpinga. "Umeme ni buzito," alikuwa akiniambia. "Kama unataka nguvu mingi, utie chuma mingi na shaba mingi. Muntu akikuambia namna ingine, anakudanganya." Alinifundisha kusuka. Alinifundisha kuhesabu mizunguko bila kuhama akili hata mgeni akiingia, kuutandaza waya ili ulale bega kwa bega usipandane, kuusikiliza kwa ukucha ute wa vanishi kama umeshika. Na kitu kimoja nilichokipenda zaidi: alinionyesha jinsi ya kutambua chuma kilichojaa. "Chuma inashiba," alisema, akiweka kiganja juu ya transfoma iliyokuwa inanguruma. "Inakula sumaku mpaka inashiba. Ukiongeza, inakatala. Nguvu yote inageuka moto." Shuleni nilikuwa nimelisoma jambo hilo kwa jina la Kifaransa na mchoro wa mstari unaopinda. Sikuwahi kuambiwa kwamba unaweza kulihisi mkononi.

Ugomvi wetu ulianza na chaja ya simu yangu. Simu ndio kwanza zilikuwa zinaingia kila nyumba, na chaja zilikuwa zikifa kama kuku. Yangu ilipokufa niliifungua mezani pake, na ndani nikakuta transfoma ndogo kuliko kipande cha sukari. Tata Mulumba aliiweka kwenye ncha ya kidole, akaitazama kwa muda, akaipuliza kidogo kama vumbi. "Hii ni kichezeo ya batoto," akasema. Nikamjibu kwamba hicho kichezeo kimekuwa kikichukua umeme wa ukutani na kuushusha hadi kiasi cha simu, kila siku, kwa miezi minane. Alijua vizuri kwamba transfoma ya kazi hiyohiyo, ikitoka mkononi mwake, ingekuwa kubwa kama ngumi na ingetoboa mfuko wa suruali. Aliirudisha mezani, akaenda kunawa, na tulipokuwa tunakula alisema ghafla, bila kumtazama mtu, "Haiwezekane. Chuma yake iko wapi?" Mama Kabedi alidhani anasema juu ya chakula.

Mimi pia sikujua chuma yake iko wapi. Nilikuwa nimewahi kuandika jibu katika mtihani, kwamba mwendo wa umeme ukiongezeka chuma kinaweza kupungua, nikapewa alama zote, na sikuwa nimeelewa neno. Nilichukua chaja nyingine nzima, nikaichomeka, nikaisogezea redio ndogo ya Mama Kabedi. Redio ikaanza kulia kwa sauti nyembamba ya kukereketa, na nilipoisogeza mbali ikanyamaza. Kitu kilikuwa kinatokea ndani ya kile kiboksi cha plastiki, kwa kasi ambayo sikio halina uwezo wa kuifikia, na redio peke yake ndiyo iliyokuwa inakisikia. Nilifanya hivyo mara kumi, kumi na tano. Mama Kabedi akaniomba redio yake kwa sababu misa ilikuwa imeanza.

Nilielewa wakati wa kiangazi, siku bomba la safu yetu lilipokauka na wanawake wakawa wanachota kwenye pampu ya mwisho wa barabara. Nilikuwa chumbani kwangu, dirisha wazi, chaja ile mkononi. Mama Kabedi alikuwa na mgongo mbovu. Hakuweza kubeba beseni kichwani kama wenzake, kwa hiyo alikuwa na kibido, kidumu cha mafuta cha lita tano, akienda na kurudi mbio mbio na malapa yake yakipiga chini. Jirani mmoja aliyejitwika beseni kubwa alimcheka. "Mama Kabedi, na ile kibido kidogo utajaza pipa siku gani?" Nikamsikia Mama Kabedi akimwaga maji, akivuta pumzi, akijibu bila hasira: "Pipa haijue ukubwa ya kibido, mama. Inajua mara ngapi nilikuya." Na akaondoka tena.

Nimefundisha miaka mingi sasa, na nimejaribu kuwaeleza wanafunzi kilichonipata dakika ile, sijaweza. Nilihisi kama ukuta wa chumba umesogea. Umeme wa ukutani unakuja na kurudi mara hamsini kwa sekunde. Huyo ni mwenye beseni, anatembea polepole, na lazima beseni liwe kubwa. Lakini ukipata njia ya kuukatakata uende na kurudi mara elfu hamsini, basi kila safari inahitaji kubeba tone tu, na kibido cha kubebea tone kinaweza kuwa kama kipande cha sukari. Uzito haukuwa umepotea. Ulikuwa umegeuzwa kuwa kasi. Nilitoka mbio hadi sebuleni nikamwambia Tata Mulumba kwa maneno ya mke wake, neno kwa neno. Aliacha kusuka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake katikati ya mzunguko. Akaniuliza, "Mara ngapi?" Nikamwambia: elfu hamsini, labda laki moja, kila sekunde. Akaitazama mashine yake ya mkono, akautazama mkono wenyewe. "Na nani anafungua na kufunga hii mulango mara laki moja?" Nikamwonyesha kijiwe cheusi chenye miguu, nikamwambia ndani yake kuna kipande cha mchanga uliosafishwa, kidogo kuliko kichwa cha kiroboto. Alikaa kwenye kiti. Sijawahi kumwona mtu mzima akitazama kitu kwa namna ile, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta nyuma yake kuna mji mzima ambao hakuambiwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi hapo mikono ya muntu haiingie tena." Nilikuwa na furaha nyingi mno ya ujana, sikusikia kwamba alikuwa ameumia.

Kwa wiki kadhaa hakutaka niilete mada hiyo. Alisuka, alikula, alilala mapema. Mimi nilikusanya takataka: chaja za gari zilizokufa nilizopewa na fundi wa malori, mtambo wa umeme wa kompyuta uliotupwa, nikawa nazifungua uani juu ya gunia ili nisimuudhi. Kisha mvua zikaanza, na Tshibola akajifungua kabla ya wakati, mimba ikiwa ya miezi saba.

Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nilipoingia na Mama Kabedi, mtoto alikuwa amelazwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kitenge, na kilichoonekana ni kofia ya sufu na shavu moja lisilozidi ukubwa wa kifuniko cha soda. Muuguzi aliyemhudumia, Mama Odette, alitueleza taratibu. Mtoto ana nguvu kwa umri wake, lakini watoto wa namna hiyo husahau kupumua. Ndivyo alivyosema: "Banasahau." Ukimgusa wayo kwa kidole anakumbuka, anavuta pumzi, anaendelea. Usipomgusa, basi. Kwa hiyo lazima mtu aiangalie pumzi yake kila dakika, wiki tatu, labda nne. Tulipangana zamu: Tshibola, Mama Kabedi, mimi. Siku ya tatu mchana, katika zamu yangu, mvua ikipiga bati kwa sauti moja isiyobadilika, nilisinzia nikiwa nimekaa wima. Kilichoniamsha ni mkono wa Mama Odette ukipita mbele ya uso wangu. Midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu. Alimpiga wayo kwa kidole, mara moja, mara mbili, mara ya tatu, na mtoto akavuta pumzi kama anayetoka majini. Mama Odette hakunikemea. Alikaa chini, akafuta mikono yake kwa aproni, na ndipo aliposema, kana kwamba anaongea na aproni, "Na mashine tulikuwa nayo."

Ilikuwa kwenye kabati. Daktari mmoja mgeni alikuwa ameiacha: godoro jembamba la kulaza mtoto, waya, na kiboksi kilichokuwa kinahesabu pumzi na kupiga kelele zikikoma. Wiki mbili kabla, umeme wa mtaa ulikuwa umekatika na kurudi kwa nguvu mno, na chaja yake ikaungua. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Ilihitaji volti tano tu, zisizotetereka. Umeme wa mtaa haukuaminika tena, lakini kituoni palikuwa na betri ya pikipiki, ya volti kumi na mbili, yenye kuwasha taa ya chumba cha kujifungulia. Nikasema nitaleta volti tano kesho. Nilisema bila kufikiri, kwa sababu ya ile midomo ya buluu.

Jaribio la kwanza nililifanya kwa njia ya shuleni, kijiwe cha miguu mitatu kinachobana volti za ziada na kuzitupa kwa njia ya joto. Kilifanya kazi kwa dakika tisa. Kilikuwa kinatupa umeme mwingi kuliko ule kilioutoa, na nilipokigusa kiliniunguza kidole. Kisha kikajizima chenyewe ili kisife, na mashine ikazimika pamoja nacho. Tshibola aliitazama, akarudisha macho yake kifuani mwake, akaendelea kuhesabu. Jaribio la pili lilikuwa lile nililokuwa nikiliota uani. Katika chaja za gari nilikuwa na vijiwe viwili vya kukatakata umeme. Chaja zenyewe zilikuwa dhaifu kwa mashine ile, lakini vijiwe viliweza zaidi kama vingepewa koili inayofaa. Nilichukua koili ndogo ya chaja ya simu, nikalehemu kila kitu kwa chuma nilichokipasha moto kwenye mbabula kwa kuwa umeme haukuwepo, nikaunganisha na betri ya jirani. Kukatoka mlio mdogo, kama punje ya bisi ikipasuka, na moshi. Kijiwe cha kwanza kilikuwa kimekwisha. Nilibaki na kimoja.

Nilikuwa bado nimekaa pale uani nilipoona miguu ya Tata Mulumba mbele yangu. Alikuwa ametoka kituoni kumwona mjukuu, kwa mara ya kwanza, kwa sababu alikuwa akiogopa. Aliinama, akakichukua kile kilichoungua, akakinusa, akakiviringisha kati ya vidole. "Kijiwe haikuua kijiwe," akasema. "Gusa koili." Nikagusa. Ilikuwa ya moto hata sasa. "Chuma ilishiba," akasema. "Ulimupa mutoto mudogo sahani ya mukubwa. Iko na chuma ingine?" Nikamwonyesha pete niliyoitoa katika mtambo wa kompyuta, ya rangi ya njano, upana wake kama kifungo cha koti. Akaikwaruza kwa ukucha na kulitazama vumbi lake. Niliposema ni unga wa chuma uliogandishwa kwa gundi, alitikisa kichwa, polepole, na nikaona kitu kikirudi usoni mwake. "Katikati ya punje na punje kuna nafasi," akasema. "Ku kazi tulikuwa tunatia karatasi katikati ya chuma, isishibe upesi. Hawa balitia karatasi mu unga." Akanyoosha mkono. "Mizunguko ngapi?"

Nilikuwa nimehesabu arobaini na mbili. Alikaa mlangoni mwa sebule, mahali penye mwanga, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alikataa waya mmoja mnene. Alichagua nyuzi tatu nyembamba, akazisokota pamoja kwenye paja lake kama mwanamke anayesokota uzi, kwa sababu, alisema, waya mnene ungevunjika roho kwenye kona ndogo kama hizo. Mimi nilijua sababu nyingine, kwamba umeme wa kasi hupenda kukimbia juu ya ngozi ya waya, na nyuzi tatu zina ngozi nyingi zaidi, nilikuwa nimeisoma. Yeye alifika palepale kwa njia ya mapaja yake. Mama Kabedi alileta bukari na dagaa wa kapenta, akaviweka karibu, vikapoa. Mikono iliyokuwa imesuka mota zilizonyanyuliwa kwa kreni ilipitisha zile nyuzi ndani ya pete, ikavuta, ikalaza, ikapitisha tena, na midomo yake ikahesabu bila sauti. Mtu aliingia kuulizia mota ya kinu chake, akaona, akavua kofia akasimama ukutani bila kuambiwa. Kwenye mzunguko wa ishirini na moja Tata Mulumba alipumzika, akafumba na kufumbua vidole, akaendelea. Alipomaliza, ile koili ilikuwa kama kitu kilichoota chenyewe. Niliilehemu. Kigeuza-umeme kizima, pamoja na kijiwe cha mwisho, kiliingia ndani ya boksi la kiberiti na nafasi ikabaki.

Hatukuthubutu kukijaribu kwenye mashine kwanza. Nilikiunganisha na betri ile ya jirani na taa ndogo, mita ikasoma volti tano, mshale ukatulia. Nikaisogeza redio. Ikaanza kulia ule mlio mwembamba, safi, bila kukatika. Tata Mulumba akainamisha sikio lake kwenye redio na akabaki hivyo, mgongo umepinda, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ni ye anafungua na kufunga?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, ni yeye. "Hachoke?" Nikamwambia hachoki. Alinyoosha mkono akakigusa kile kijiwe, akitarajia moto, na kilikuwa na uvuguvugu tu, kama paji la uso la mtu mzima wa afya.

Tulikwenda kituoni watatu, jua likiwa bado juu, Mama Kabedi amekishika kiberiti kile kwa mikono miwili kama ekaristi. Mama Odette akamlaza mtoto juu ya godoro, nikaunganisha, taa ya kijani ikaanza kuwaka na kuzima kwa mwendo wa pumzi. Ilipita saa moja, nikagusa kiberiti, kilikuwa vilevile. Halafu taa ikasimama. Niliiona ikisimama. Mashine ikapiga kelele kali kuliko tulivyofikiri, Tshibola akaruka, Mama Odette akagusa wayo, na taa ikaanza tena kwenda na pumzi, moja, moja, moja. Tshibola alilia kisha akauliza kama anaweza kulala. Alilala pale pale, mchana, mdomo wazi, usingizi mzito kwa mara ya kwanza baada ya siku nne, na baba yake akamfunika miguu kwa koti lake.

Mashine ilipiga kelele mara nyingi wiki ya kwanza, mara chache wiki ya pili, na wiki ya nne haikupiga. Asubuhi moja Mama Odette akaizima, tukasimama kumzunguka yule msichana mdogo, tukasikiliza anavyopumua bila kuhesabiwa na kitu. Leo anasoma Sandoa, ualimu, na ni mtu wa maneno mengi. Vigeuza-umeme vimezidi kupungua tangu hapo. Ninavyowaonyesha wanafunzi wangu sasa ni vidogo kuliko punje ya dengu, vinafungua na kufunga mara milioni kadhaa kwa sekunde, vimo ndani ya saa za mkononi na ndani ya vifaa vya kusikia vya viziwi, na ndani ya kila kimoja kuna shaba, ambayo kwa nijuavyo huenda imetoka ardhini chini ya nyumba zetu. Wanafunzi wananakili. Mmoja katika ishirini husimamisha kalamu na kukitazama kile kitu tena. Huyo ndiye ninayemfundisha.

Mwaka ule uliisha nikipata nafasi ya kuendelea na masomo Lubumbashi, kwa barua ambayo Tata Mulumba aliisoma mara tatu kabla ya kunikabidhi. Jumapili ya mwisho kabla sijaondoka, Mama Odette alikuwa ameshapata chaja mpya ya mashine kutoka mjini, naye akamrudishia mzee kigeuza-umeme chake. Baada ya misa, Tata Mulumba aliwafuata wenzake wa zamani, wazee sita wa karakana ya kampuni, waliokuwa na desturi ya kusimama kando ya ukuta wa kanisa wakizungumza juu ya mashine ambazo hazipo tena. Alitoa kiberiti mfukoni. Akawaeleza volti zinazoingia na zinazotoka, na kwamba kiliendesha mashine mwezi mzima bila kupata moto. Yule wa kwanza akakipokea kwa viganja viwili, akakinyanyua kifuani, akafumba macho, akapima. Akafumbua. "Mulumba," akasema, "hii ni boksi. Kintu yenyewe iko wapi?"

"Ni hiyo uko nayo ku mikono," Tata Mulumba akasema. "Koili nilisuka mi mwenyewe. Hesabu alifanya huyu."

Wakanigeukia wote, kisha wakarudisha macho kwenye kiberiti. Kikapita mkono hadi mkono, na kila mmoja alikinyanyua kwa namna ileile na kufumba macho, na hakuna aliyecheka. Wa mwisho alikuwa mzee mwenye vidole vitatu tu mkono wa kulia, vingine vilibaki kwenye mashine. Alikifunga kiberiti kile ndani ya vidole vyake vitatu. Watu walianza kuondoka, wanawake wakawaita, mvua ikaanza kudondoka, na Tata Mulumba akamngoja bila kumharakisha, kwa kuwa alimwona bado anapima.